Msitu wa Kijiji, Usimamizi wa Pamoja au WMA: Kijiji Chenu Kishike Njia Ipi?

Nimeulizwa swali hili na wenyeviti wa vijiji, na watendaji, na safari moja na kina mama niliowakuta wakikung'uta ufuta: "Tuna msitu mkubwa, tunataka tuuwekee utaratibu wetu. Tuanzie wapi?" Nimefanya kazi ya ubwana misitu kwa miaka mingi katika wilaya za kusini mwa Tanzania, na nimeona vijiji vingi vikishika njia fulani kwa sababu mradi uliokuja mwaka huo ulikuwa na fedha za njia hiyo. Gari limefika, posho ipo, mkutano umeitishwa, mikono imenyooshwa. Mradi ukishaondoka, kijiji kinabaki na mpango ambao hakiwezi hata kuurekebisha chenyewe.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, ambao kijiji kinautenga na kuusimamia chenyewe. Ya pili ni usimamizi wa pamoja, ambapo msitu ni wa Serikali Kuu au wa halmashauri ya wilaya na kijiji kinaingia makubaliano ya kusaidia kuutunza. Ya tatu ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ambayo karibu kila mtu anaiita WMA, ambapo vijiji kadhaa vinaunganisha maeneo yao kwa ajili ya wanyamapori na utalii. Nitazilinganisha kwa fedha, kwa kazi na kwa muda, lakini kipimo ninachokipa uzito zaidi ni kimoja: siku mpango utakapohitaji kubadilishwa, nani ana neno la mwisho?

Mpango wa maliasili haukai kama ulivyoandikwa. Bei ya ufuta ikipanda, mashamba yanasogea msituni. Mifugo inaingia kutoka mikoa ya mbali. Kijiji kinagawanywa kuwa viwili, msitu unaangukia upande huu na nusu ya wajumbe wa kamati wanabaki upande ule. Mpango ukirekebishwa kwa wakati, watu wanaendelea kuuheshimu. Ukishindikana kurekebishwa, watu wanaacha kuutaja, wanaendelea na maisha yao, na walinzi wanabaki kukamata majirani zao kwa kosa ambalo kijiji kizima hakilioni kuwa kosa.

Kwanza, ardhi hiyo ni ya nani?

Hapa napita haraka. Kama msitu umo ndani ya ardhi ya kijiji, kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mna haki ya kuutenga kuwa hifadhi yenu. Kama ulishatangazwa zamani kuwa hifadhi ya Serikali Kuu au ya halmashauri ya wilaya, mlango huo umefungwa na kinachobaki ni usimamizi wa pamoja. Hifadhi nyingi zilitangazwa tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, na mara nyingine wazee wanazijua bikoni zake kuliko mtu yeyote wa ofisini. Ombeni tangazo lenyewe la Gazeti la Serikali pamoja na ramani yake kabla hamjaitisha mkutano wa kwanza. Nimewahi kukuta kijiji kimefanya doria miaka miwili kwenye msitu ambao karibu nusu yake ilikuwa ndani ya hifadhi ya Serikali. Ramani ilikuwepo wilayani muda wote huo, haikuwa imefunguliwa.

WMA nayo inakaa juu ya ardhi ya vijiji, ila inahitaji wanyama, na kwa kawaida inahitaji majirani walio tayari kuungana nanyi.

Msitu wa kijiji

Njia hii ilianza kabla ya sheria yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa ikijiandaa kuitangaza miombo ya Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake. Wananchi walipinga. Wakati mvutano ukiendelea, watu waliingia kukata kwa haraka kwa kuhofia kwamba kesho hawatakuwa na ruhusa. Mwishowe vijiji vinane vinavyouzunguka msitu huo viliachiwa viutunze, kila kimoja sehemu yake, kwa walinzi wake na sheria ndogo zake. Miti ikaanza kurudi. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zikaja baadaye kuyapa maandishi mambo ambayo vijiji kama hivyo vilikuwa vimeshayaonyesha.

Safari ya kuandaa mpango ni hii. Halmashauri ya Kijiji inapeleka hoja kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mkutano ukiafiki, unachaguliwa uongozi wa msitu, yaani Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Kamati inatembea mipaka pamoja na wawakilishi wa vijiji jirani, na wote wanasaini muhtasari. Baada ya hapo inafanyika tathmini ya msitu, kisha unaandikwa mpango wa usimamizi, ambao kwa kawaida ni wa miaka mitano, pamoja na sheria ndogo. Sheria hizo zinapita kwenye Mkutano Mkuu, zinapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye Baraza la Madiwani. Madiwani wakipitisha, zina nguvu mahakamani.

Hatua hiyo ya mwisho ina maana kubwa kwa ulinganisho huu. Sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya lazima imfikie Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Ya kijiji inaishia kwa madiwani, na mmoja wao ni diwani wenu, mnamjua kwa jina na nyumba yake mnaijua.

Tathmini ya msitu ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Mnaingia alfajiri mkiwa na kamba, utepe wa kupimia na panga. Mnapima unene wa mti usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kijana aliyesoma anaandika huku mzee anayetambua miti kwa kunusa gome akitaja majina: mninga, mkongo, mpingo. Jioni watu wanajua kitu ambacho hawakukijua asubuhi, kwamba mipingo minene ni michache kuliko walivyodhani, au kwamba mininga michanga imejaa bonde lote. Mpango wa uvunaji unatoka kwenye hesabu hizo. Kijiji kilichopima chenyewe hakidanganywi kirahisi na mnunuzi.

Siku ngumu ni ile ya kuchora ramani. Katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi tulichora chini, kwenye uwanja wa shule, kwa majivu na vijiti. Wanaume walichora barabara, mto, mashamba, msitu. Tukawaomba kina mama wachore ya kwao pembeni. Wakaweka visima viwili ambavyo wanaume hawakuviweka, na ndani ya msitu wakapanga vijiwe vingi. Nikauliza ni nini. Bibi mmoja akanijibu, "Bwana Misitu, hapo ndipo tunapochimba ming'oko." Ming'oko ni viazi vya porini, na miezi ya njaa ndiyo chakula cha nyumba nyingi huko. Niliandika kwenye daftari langu. Kwenye mpango uliokuja kuandikwa mjini na mtaalamu wa kukodiwa, vijiwe vile havikuwemo. Kilichokuwemo ni kifungu kinachokataza "kuchimba mizizi ya aina yoyote" kwenye eneo la hifadhi. Tena ukurasa mmoja ulikuwa na jina la kijiji kingine kabisa, cha mkoa mwingine, kwa sababu maandishi yalikuwa yamenakiliwa. Mwaka uliofuata walinzi walimkamata bibi yuleyule na kapu la ming'oko.

Aibu ile ilikuwa yangu pia, maana daftari lilikuwa kwangu na rasimu nilipewa niisome. Kilichotuokoa ni njia yenyewe. Halmashauri ya Kijiji ilipeleka marekebisho kwenye Mkutano Mkuu uliofuata, ambao kisheria unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Kifungu kikabadilishwa: ming'oko inachimbwa kwa jembe la mkono, shimo linafukiwa, kichwa cha mmea kinarudishwa ardhini. Kata ikapitisha, madiwani wakapitisha. Kuanzia hoja hadi muhuri ilichukua miezi saba. Katika njia nyingine mbili, badiliko kama hilo nisingeweza kuliahidi kwa muda huo.

Upande wa fedha, hii ndiyo njia inayokiachia kijiji mapato ya mazao ya msitu wake, na vijiji vingi vinakubaliana na halmashauri ya wilaya kutoa sehemu kwa huduma za wataalamu. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo vilipata mwaka 2009 cheti cha kundi cha FSC, yaani cheti cha kimataifa kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri, na Kikole na Kisangi vilikuwa vya mwanzo kuuza mpingo wenye cheti hicho. Kilosa walikwenda njia ya mkaa. Vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe viligawa sehemu ya msitu katika miraba ya mita 50 kwa 50, mraba mmoja unavunwa na wa jirani unaachwa, kwa mzunguko wa miaka 24. Visiki havichimbuliwi, vinachipua. Ukipita kwenye mraba uliovunwa miaka michache iliyopita, unapita kati ya machipukizi yanayokuzidi urefu. Na wale wa milima ya Ntakata, mkoani Katavi, wanalipwa kwa hewa ya ukaa kwa kuuacha msitu usimame. Yote haya yamejengwa juu ya msingi uleule: mpango wa matumizi bora ya ardhi, msitu uliotengwa, na sheria ndogo zenye muhuri.

Ubaya wake usifichwe. Doria ni yenu, usiku na mchana, na mlinzi asiyelipwa atachoka au atanunuliwa. Msitu usio na miti ya kuuza hauleti fedha ya doria. Kanuni za biashara ya mazao ya misitu zimebadilika mara kwa mara, na kuna miaka ambayo kijiji chenye mpango kamili na nyundo yake ya kugongea magogo kilibaki kinasubiri kibali cha uvunaji huku mnunuzi akienda kwingine. Mwenyekiti akiwa mwizi, hii ndiyo njia inayompa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa fedha zote zinapita kijijini. Dawa yake ni mapato na matumizi kusomwa kwenye kila Mkutano Mkuu na kubandikwa ukutani ofisini. Mahali ambapo karatasi hiyo haibandikwi, kamati haidumu.

Usimamizi wa pamoja

Hapa mwenye msitu anabaki kuwa mwenye msitu. Kama ni hifadhi ya Serikali Kuu, mnashughulika na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kama ni ya wilaya, mnashughulika na halmashauri. Kijiji kinasaini makubaliano yanayoeleza sehemu ya msitu kitakayoilinda, matumizi yanayoruhusiwa, na mgao wa faida na gharama. Kijiji kinahitaji kamati na sheria ndogo hapa pia, lakini mpango wa usimamizi unaandaliwa na mwenye msitu au pamoja naye, na yeye ndiye anayeuidhinisha.

Sehemu ambako njia hii ina sababu ya kweli ni kwenye vyanzo vya maji. Milima ya Uluguru inalisha Mto Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam. Msitu wa namna hiyo haukatwi mbao, na ni sawa usikatwe. Lakini hebu mwone tatizo lake kwa jicho la mwanakijiji: analinda msitu asioweza kuuza hata gogo moja, ili mtu wa mjini afungue bomba. Anachopata ni kuni kavu kwa siku maalumu, uyoga, dawa za asili, mizinga ya nyuki pembezoni, na sehemu ya faini za waliokamatwa. Suala la mgao lilikaa bila jibu la wazi kwa miaka mingi, na vijiji vingi vilifanya doria kwa makubaliano ambayo upande wa pili haujayasaini. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyofanywa kwenye njia hii. Watu waliombwa kazi kabla ya kupewa mkataba.

Kwa hiyo sharti langu kwa kijiji kinachoelekea huku ni moja. Msianze doria kabla makubaliano hayajasainiwa na pande zote mbili, na kifungu cha mgao kiandikwe kwa namba. Maneno kama "wananchi watanufaika" hayalipi mlinzi. Wekeni pia kifungu kinachosema ni baada ya miaka mingapi makubaliano yatapitiwa upya, na nani ana wajibu wa kuitisha kikao hicho. Kama hakipo, hakuna atakayewaita.

Uzuri wake ni kwamba hamko peke yenu. Majangili wenye silaha au wachimba dhahabu wakiingia, TFS wana askari na magari. Kwa kijiji kidogo kilichoko pembeni ya hifadhi kubwa, hilo si jambo dogo. Wasomaji wa Kenya wataitambua njia hii: vyama vya misitu vya jamii chini ya sheria yao ya misitu ya mwaka 2016 vinaingia makubaliano na Shirika la Misitu la Kenya kwa mtindo unaofanana, na malalamiko ninayoyasikia kutoka huko kuhusu mgao yanafanana pia.

WMA

Ikona pembeni ya Serengeti, Burunge kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, Enduimet magharibi ya Kilimanjaro, MBOMIPA jirani na Ruaha. Ukiyasoma majina hayo unaona sharti la njia hii: mahali palipo na mapito ya wanyama, karibu na hifadhi ya taifa, ambako mwekezaji wa hoteli au uwindaji yuko tayari kulipa. Bila hayo, WMA ni gharama tupu.

Maandalizi yake ni marefu kuliko ya njia zote. Kila kijiji mwanachama kinahitaji mpango wake wa matumizi bora ya ardhi na sheria ndogo. Vijiji vinaunda jumuiya yenye katiba, inasajiliwa, inaomba kuidhinishwa, eneo linatangazwa, kisha ndipo inapewa haki ya matumizi ya wanyamapori. Juu ya hapo kuna mpango wa usimamizi wa eneo lenyewe, unaopitishwa na mamlaka ya wanyamapori wizarani. Nimeona watu waliohudhuria semina ya kwanza wakiwa vijana wakapokea cheti wakiwa na watoto wa sekondari.

Fedha zikija, zinaweza kuwa nyingi. Lakini mapato ya utalii yanapita serikalini kwanza, mgao unarudi kwa jumuiya, na jumuiya inagawia vijiji baada ya kutoa gharama zake. MBOMIPA ina vijiji 21. Gawanyeni kwa 21 kabla hamjafurahia kiasi mnachotajiwa. Na msisahau tembo. Mkulima ambaye shamba lake la mahindi limelaliwa na tembo usiku mmoja hafidiwi na zahanati iliyojengwa kijiji cha tatu kutoka kwake, na mpango usiomtaja mkulima huyo utapingwa hadi mwisho.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni kutoka. Kuingia kunaamuliwa na Mkutano Mkuu wa kijiji chenu. Kutoka kunagusa mikataba ya wawekezaji, mipaka iliyotangazwa na majirani wanaotegemea eneo lenu libaki. Mkutano Mkuu mmoja hautoshi.

Badiliko moja, njia tatu

Tuchukue jambo moja la kweli tulipitishe kwenye njia zote. Wafugaji wamehamia, wamekubaliwa na kijiji, watoto wao wako shuleni, ng'ombe wao wanahitaji malisho. Kijiji kinataka sehemu ya eneo lililotengwa, tuseme upande wa mbuga usio na miti mingi, iwe malisho wakati wa kiangazi.

Kwenye msitu wa kijiji, hoja inaanza kwenye Halmashauri ya Kijiji, kamati inakagua eneo, Mkutano Mkuu unajadili, mpango wa usimamizi na ramani vinarekebishwa, sheria ndogo zinakwenda kata na kwa madiwani. Kama mpango wa matumizi bora ya ardhi ulishasajiliwa, nao unarekebishwa, na hapo mtamhitaji afisa ardhi wa wilaya. Msitu ukiwa tayari umetangazwa kwenye Gazeti la Serikali, jambo linakuwa zito zaidi. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasikimbilie gazeti. Sheria inaruhusu kuliomba baada ya miaka mitatu ya usimamizi, lakini haiwalazimishi. Msitu uliotengwa na kijiji na kuandikishwa wilayani una nguvu ya kutosha kwa vijiji vingi, na unawaachia nafasi ya kujisahihisha.

Kwenye usimamizi wa pamoja, mnaandika barua. Mwenye msitu akikataa, limeisha. Kwenye hifadhi ya asili ya vyanzo vya maji atakataa, na mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningekataa pia. Kwa maana hiyo, kijiji kinachojua kwamba kitahitaji malisho kiyatafute kwenye ardhi yake kabla ya kusaini chochote.

Kwenye WMA, kijiji chenu kinakubali kwanza, kisha jumuiya ya vijiji vyote inakaa, mpango wa usimamizi unafunguliwa, mwekezaji mwenye mkataba anasikilizwa, na mamlaka ya wanyamapori inaamua. Kuna WMA zilizoweka kanda za malisho tangu mwanzo, hasa kwenye jamii za Wamasai, na zinafanya kazi vizuri. Somo langu kutoka huko ni kwamba kwenye WMA mapigano ya malisho mtayashinda au mtayashindwa siku ya kuchora kanda za mwanzo. Pelekeni wafugaji kwenye kikao hicho. Pelekeni na wanawake wao, maana wao ndio wanaojua ndama wanakunywa wapi mwezi wa Oktoba.

Ningewashauri hivi

Kama msitu umo kwenye ardhi yenu na una miti ya thamani, au ni mkubwa wa kutosha kwa mkaa wa mzunguko au hewa ya ukaa, tengeni msitu wa kijiji. Sisiti hapo hata kidogo. Kama una miti lakini unagawanyika kati ya vijiji vingi, bado tengeni kila kijiji sehemu yake, kisha mfanye doria na mauzo kwa pamoja. SULEDO ya Kiteto, iliyochukua jina lake kutoka Sunya, Lengatei na Dongo, ilifuata njia ya kuunganisha vijiji na ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Muungano huo ulitoka kwa vijiji vyenyewe, na kila kijiji kilibaki na kamati yake.

Kama msitu ni hifadhi ya Serikali na ndiyo chanzo cha maji yenu, ingieni kwenye usimamizi wa pamoja, lakini kwa mkataba uliosainiwa na wenye namba. Sambamba na hapo, tengeni hata kipande kidogo cha msitu kwenye ardhi yenu wenyewe kwa ajili ya nguzo na kuni. Kijiji chenye kipande chake hakiingii hifadhini usiku.

WMA ichagueni kama masharti matatu yametimia kwa pamoja: wanyama wapo mwaka mzima au msimu unaojulikana, yupo mwekezaji anayeonekana na si wa kuahidiwa, na majirani zenu ni watu mnaoweza kugawana nao fedha bila kugombana. Likikosekana moja, subirini. Ardhi mliyoitenga kama msitu wa kijiji leo bado inaweza kuingia kwenye WMA baadaye. Kinyume chake ni kigumu mno.

Njia yoyote mtakayoshika, hakikisheni shughuli zake zinaingia kwenye mpango wa maendeleo wa kijiji, ule wa Fursa na Vikwazo ambao wananchi wenyewe wanauanzisha kwa kutaja fursa na vikwazo vya kijiji chao, ili ukipanda kata na wilaya uwe na mstari wake kwenye bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na mpango wake wa mazingira. Mwulizeni afisa mazingira wa wilaya kama kijiji chenu kimetajwa humo, na mwombe awaonyeshe ukurasa.

Wiki hii, kabla ya kumwita mtaalamu yeyote, nendeni kwa mtendaji wa kijiji mwombe vitu vitatu viwekwe mezani: Cheti cha Ardhi ya Kijiji, ramani ya mipaka, na kitabu cha mihtasari ya Mkutano Mkuu. Someni muhtasari wowote unaotaja msitu, muone ulisainiwa na nani na majirani walikuwepo au hawakuwepo. Kama cheti hakipo, anzeni na cheti. Na siku ya kuchora ramani chini, wapeni kina mama majivu yao na uwanja wao, kisha mtu mmoja apige picha kila kijiwe walichokiweka. Picha hizo ziambatanishwe kwenye mpango, na kamati isipokee rasimu yoyote kutoka mjini bila kuzilinganisha moja baada ya nyingine.